Uandikaji wa Uvimbe wa Mafuta Katika Majalada ya Wagonjwa



Uvimbe wa mafuta, uitwao kitaalamu lipoma, si saratani. Katika toleo la kumi la orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 1994, alama yake ni D17. Ukiwa chini ya ngozi ya kichwa, uso au shingo huandikwa D17.0, kiwiliwili D17.1, mikono na miguu D17.2. Saratani ya mafuta ya mikono au miguu huandikwa C49.

Daktari akiandika "uvimbe" tu, karani asikisie, bali amuulize. Herufi moja ikikosewa, asiye na saratani huhesabiwa kuwa nayo, na aliye nayo huachwa bila ya kufuatiliwa. Kalamu ni amana.