Makofi ya Aliyeshindwa



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kueleza mchezo mmoja wa sataranji.

Tarehe 23 Julai 1972, mjini Reykjavik, Bobby Fischer wa Marekani alikutana na bingwa wa dunia, Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti, kwa mchezo wao wa sita. Kwa viwango vya dunia Fischer alikuwa na pointi 2785, Spassky 2660. Kila mmoja alikuwa amekwisha pata alama mbili na nusu.

Fischer akiwa na weupe, karibu siku zote alianza na askari wa mbele ya mfalme. Siku ile akaanza upande wa malkia, na mchezo ukaingia njia ya kale iitwayo Kafara ya Malkia: mweupe humtoa askari mmoja awe chambo, ili atawale katikati ya ubao. Spassky akakikataa chambo. Polepole Fischer akambana, kisha akatoa ngome kwa farasi na kulibomoa boma la mfalme. Fischer alipocheza mara ya 41, Spassky akakubali kushindwa. Watazamaji wakapiga makofi, naye Spassky akapiga pamoja nao.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulicheza bwenini kwa vifuniko vya soda. Jioni moja kijana wa kidato cha kwanza alinishinda. Niliupindua ubao, nikamwita mwizi mbele ya wenzake. Hakucheza nami tena, nami nilimaliza shule bila kumwomba radhi.

Miaka mingi baadaye, ofisini, kijana aliye chini yangu alionyesha kosa katika makadirio niliyoyaandaa mwenyewe. Hasira ile ile ikanipanda. Nikamkumbuka yule wa bwenini. Nikasema, "Ni kweli, nimekosea. Sahihisha." Fedha ya umma ikaokoka.

Spassky aliupoteza ubingwa tarehe 1 Septemba 1972, kwa alama 8½ dhidi ya 12½. Hata hivyo makofi yake yanasimuliwa hadi leo.

Vijana, jifunzeni kushinda. Lakini jifunzeni na hili pia. Na kama yule kijana wa kidato cha kwanza yumo humu ukumbini, nasema mbele ya wote: ulinishinda kwa haki, ndugu yangu. Niwie radhi.