Juu ya nini tungali tuko

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana, mutaa wa Katindo, Goma, siku ya posho



Posho iliyopita kijana mumoja wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu alikuja kwetu kwa mara ya kwanza. Akahesabu viti, akahesabu watu, kisha akauliza bila kuzunguka: "Bakubwa, muko paka munane. Munachunga nini hapa?" Tulicheka. Lakini hakuna aliyejibu, na kila mutu alirudi kwake na swali lile. Leo tumekuja kujibu. Jibu lenyewe halitafurahisha kila mutu, hata kati yetu sisi wanane.

Kwanza, kwa wale ambao hawatujui. Tulianza katikati ya mwaka 2021, kisha Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei. Munakumbuka ile wiki. Tarehe 27 Mei ikatoka amri kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Katindo haikuwa katika orodha, lakini watu wa hapa nao walifunga mizigo, juu ardhi ilikuwa inatetemeka muchana na usiku. Wengine walienda Sake, wengine Minova, wengine wakavuka Gisenyi. Tuliporudi tulikuwa na mambo mingi ya kusimulia na hakuna wa kutusikiliza, kwa sababu kila mutu alikuwa na yake.

Njo tukapatana hivi: kila posho, saa nane, katika parsele ya mama wa mumoja wetu, kila mutu alete ukurasa mumoja aliouandika kwa mukono juu ya kitu alichokiona mwenyewe juma ile. Bei ya bidoni ya maji. Mulolongo wa watu kwenye bomba. Mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani juu ya pesa za shule. Unasoma kwa sauti, wengine wanauliza, wanakosoa, wanakupinga. Kisha tunaupiga picha na kuutuma katika kundi letu la WhatsApp. Ni hayo tu. Hakuna rais, hakuna kadi, hakuna pesa ya usafiri.

Tulifika watu 34. Viti havikutosha, tukakaa juu ya mawe. Kisha watu wakaanza kupungua, na walipungua kwa sababu ambazo kila mutu hapa anazijua. Mumoja alipata kontra katika shirika moja, akatumwa Masisi. Mwingine alienda Kampala kutafuta maisha. Dada wawili waliolewa. Wengine walichoka, na kuchoka si kosa. Na wengine hawakwenda popote: wangali ndani ya kundi la WhatsApp, kila ukurasa wanaufungua, alama mbili za bulu zinawaka, lakini hawaandiki hata neno moja. Mwanzoni mwa mwaka jana kulikuwa posho ambapo tulikuwa watatu, na mumoja kati ya watatu alikuwa amekuja kuchukua chaja yake.

Sasa, juu ya nini tungali tuko?

Tuanze na sababu mbaya, kwa maana zipo. Ya kwanza: hatuna kazi. Diplome tunazo, dosye tumeweka kila mahali, majibu hayaji. Mutu asiye na kazi anahitaji siku moja ndani ya juma yenye saa na mahali, la sivyo siku zote zinafanana. Ya pili: tumezoea. Ya tatu: tunaogopa kusemwa kwamba tumekimbia. Ya ine, na hii inauma kidogo: katika kundi la watu wanane ni rahisi kuwa mutu mukubwa. Kuna kati yetu wanaokosoa ukurasa wa mwenzao kwa sauti ya profesa, na huku nje hakuna anayewauliza hata saa.

Kama ingekuwa sababu hizo tu, kijana yule angekuwa na haki: tungefunga, tungerudisha viti kwa mama na kumushukuru.

Lakini kulitokea jambo. Tarehe 27 Januari 2025 muji uliingia mikononi mwa M23. Hatutasimulia mabomu, kila mutu aliyekaa hapa ana yake. Umeme ulikatika, maji yalikatika, intaneti nayo ikakatika. Siku ilipoanza kurudi kidogokidogo, mumoja wetu aliandika katika kundi neno moja tu: "Muko?"

Majibu yakaanza kuingia. "Niko." "Niko, tuko chini ya kitanda." "Niko Gisenyi na batoto." "Niko, lakini kaka yangu hapana." Waliojibu hawakuwa wale wanane peke yao. Watu waliokuwa wamenyamaza miaka miwili walijibu. Yule wa kontra ya Masisi alijibu. Dada yetu wa Kampala, ambaye tulimusema vibaya alipoondoka, tuseme ukweli, alikuwa amefanya orodha ya majina yote 34 na kuweka alama mbele ya kila aliyejibu, na kila jioni alikuwa anaituma upya. Ilichukua siku tisa. Jina moja halina alama hadi leo.

Siku zile tulielewa kitu. Neno "Muko?" linahitaji mahali pa kuandikwa. Kama kundi lingekuwa limefungwa mwaka mumoja mbele, nani angeuliza, na angemuuliza nani? Hatukubaki juu ya siku hiyo, hakuna aliyejua kwamba itakuja. Lakini ilipokuja, mahali palikuwapo kwa sababu watu watatu, mumoja amefuata chaja, walikuwa wamefika posho ile.

Kisha yakafuata yale munayoyajua. Mabenki yakafunga milango. Mwezi ule ule wa Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya hapa Goma ikakauka. Kontra zikakatwa. Na wale ambao kazi ilikuwa imewatoa kwetu wakaanza kupita tena kwenye mulango wa parsele, mumoja leo, mwingine posho inayofuata, wakisema "nilikuwa napita tu." Hatukuwauliza walikuwa wapi. Tulisogeza kiti.

Hilo si jambo geni hapa kwetu. Wengi wetu tulikuwa tunabebwa mugongoni tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya muji mupaka ziwani. Mamia elfu ya watu walivuka mupaka. Walioona kutoka mbali walidhani Goma imekwisha, na mashirika yalitaka watu wakae kule kwenye kambi. Siku chache tu, wazazi wetu wakarudi, mawe yangali moto chini ya viatu. Kwa mawe yale yale walijenga kuta. Walirudi kwa sababu kule mutu alikuwa nambari ya kupanga mustari wa chakula, na hapa alikuwa mama fulani, jirani ya fulani, anayedaiwa na fulani.

Deni. Neno hili tulitafuta kwa muda mrefu. Munajua likelemba: kila mutu anatoa, mumoja anakula, zamu inazunguka. Aliyekula kwanza kisha akapotea anaacha shimo kwa wale wa nyuma. Sisi hatuchangi franka, tunachanga masikio. Ulinisikiliza nilipoandika juu ya mazishi ya baba yangu, basi nina deni la kukusikiliza wewe unapoandika juu ya bei ya makala, hata kama ukurasa wako unachosha. Mutu anabaki katika kundi linalopungua kwa sababu kuna mutu mumoja au wawili ambao wangekaa posho saa nane wakimungojea. Si lazima wawe mingi.

Lakini kubaki peke yake hakutoshi. Kuna mutu wa uchumi, Albert Hirschman, aliyeandika mwaka 1970 juu ya watu na mashirika yanayodidimia. Alianzia Nigeria, kwenye njia ya reli. Reli ilikuwa inafanya kazi vibaya. Malori yalipokuja, wafanyabiashara wenye haraka, wale ambao wangepiga kelele mupaka reli itengenezwe, walihamia kwenye malori. Reli ikabaki na wale wasiosema, na haikutengenezwa. Kwake, mutu ambaye kitu chake kinaharibika ana njia mbili: kuondoka, au kusema. Kukipenda kitu kunaweza kukuzuia usiondoke upesi, na hapo unapata muda wa kusema.

Tulisoma hayo na tukajiangalia. Sisi wanane, je, tunasema? Kweli, hapana. Tunajua kwamba wanawake walipungua kwa sababu saa nane ya posho ni saa ya soko na ya maji, na hakuna aliyebadilisha saa. Tunajua kwamba kosoa yetu iliwafukuza wawili wa kidato. Tunajua kwamba kurasa za kuanzia 2021 ziko ndani ya karto moja chini ya meza, panya wamekula kona, na hakuna aliyezipanga. Ndani ya karto ile mutu angeweza kusoma bidoni moja ya maji ilikuwa franka ngapi katika mutaa huu juma kwa juma. Wenye kuondoka hawakutuambia hayo, waliondoka tu. Na sisi tuliobaki tulinyamaza kwa heshima. Heshima ya namna hiyo njo inaua kundi, polepole, kuliko wale wanaoondoka.

Kwa hiyo, kwa walioondoka: hatuna neno baya, na yale mabaya tuliyoyasema zamani tunayaondoa leo, mbele ya watu. Ukiondoka, aga, ili tujue ni safari na si ugonjwa. Kwa wanaosoma na kunyamaza: tunaona alama zenu za bulu, na tangu Januari ile tunajua maana yake. Andikeni hata mistari miwili.

Kwa sisi tuliobaki, kuna mambo matatu mezani. Saa ihame mupaka saa kumi, kisha soko. Anayeongoza abadilike kila mwezi, kwa zamu, kama likelemba, na wa kwanza awe kati ya wapya. Na asiyeonekana posho tatu apigiwe simu, si kwa kulaumiwa, ila kuulizwa "Uko?"

Kuna na jambo la ine, na hili hatukulimaliza. Mama mwenye parsele ametuambia kwamba kuanzia mwezi ujao anaipangisha, na ana haki, watoto wake wanapaswa kula. Hatuna mahali pengine. Watatu kati ya wanane wanaona tufunge sasa, kwa heshima, tugawane kurasa, kila mutu aende na zake. Watano wanaona tuendelee, hata kama ni kwa kusimama kando ya barabara. Hatukuja na uamuzi ulioiva tayari. Tutapiga kura hapa, na kila aliyewahi kusoma ukurasa wake kati yetu, hata mara moja, ana kura. Dada wa Kampala ametuma ya kwake asubuhi, iko ndani ya bahasha, hatujaifungua.

Mbele ya kura watu watasema. Wataanza wale watatu wanaotaka tufunge, na hakuna atakayewakata maneno.

Dada, simama, useme.