Uafisa Haukaririwi



Nimeombwa niseme juu ya kujitayarisha kwa majaribio wanayopewa watu wanaotaka kuwa maafisa wa jeshi. Nitachukua mfano wa India, kwa kuwa utaratibu wao unajulikana wazi, na kwa kuwa ndani yake limo jambo linalotuhusu sisi wana wa wakulima na wafanyakazi.

Asili ya utaratibu huo ni Uingereza, mwaka 1942. Kabla ya hapo kijana wa Kiingereza aliyetaka uafisa aliitwa mbele ya wakubwa, akaulizwa amesoma shule gani na baba yake ni nani, na baada ya dakika chache shauri likaisha. Vita vilipopamba moto, tabaka la mabwana halikutosha kujaza nafasi, na wengi waliochaguliwa kwa mtindo huo walirudishwa kutoka vyuoni kwa kushindwa mafunzo. Ndipo wakaitwa madaktari wa akili na wataalamu wa saikolojia. Mmoja wao, Wilfred Bion, alileta jaribio la kundi lisilo na kiongozi. Watu hupewa kazi, wala hateuliwi wa kuamuru. Mpimaji hukaa kando akatazama nani anaijali kazi pamoja na wenzake, na nani anajijali nafsi yake tu. Mkulima yeyote aliyewahi kwenda msaragambo angeweza kuwaambia mabeberu hayo bila ya kungoja vita.

India ilipata uhuru mwaka 1947 na ikauendeleza utaratibu huo. Mwombaji hukaa na bodi kwa siku tano. Siku ya kwanza hupimwa kwa mafumbo ya maneno na maumbo, kisha huonyeshwa picha isiyo dhahiri akatakiwa kuitungia kisa. Wasiofaulu hurudi makwao siku hiyo hiyo. Waliobaki huonyeshwa maneno 60, moja baada ya jingine, na kwa kila neno wanazo sekunde 15 za kuandika sentensi. Halafu huelezwa mikasa 60, waseme kwa nusu saa wangefanya nini. Kiwanjani hupewa mbao, kamba na mzigo, kundi zima livuke vikwazo bila ya kukanyaga palipokatazwa.

Penye haja kama hiyo mfanyabiashara hakosekani. Zimezuka huko shule za kulipia, nyingine zikiendeshwa na maafisa wastaafu, na zipo zinazouza visa vilivyokwisha pikwa na majibu ya kishujaa ya kukariri. Nasema waziwazi kwamba huo ni ulaghai. Sekunde 15 hazimpi mtu nafasi ya kukumbuka ya mwalimu. Huandika yaliyomo moyoni. Tena wapimaji ni watatu, wa saikolojia, wa kiwanjani na wa mahojiano, na kila mmoja hufanya hukumu yake peke yake mpaka wakutane siku ya mwisho. Kijana aliyejipamba ushujaa katika karatasi, kisha kiwanjani akamnyang'anya mwenzake kamba, amejishitaki mwenyewe.

Hata hivyo tusidanganyane. Yale mafumbo ya siku ya kwanza yana mazoezi yake. Wawili wenye akili sawa, aliyezoea humtangulia asiyezoea. Hapo ndipo dhuluma inapojificha: mtoto wa mwenye fedha amenunua mazoezi, na mtoto wa maskini anayakuta maumbo yale kwa mara ya kwanza saa ya mtihani. Halafu tunaambiwa kwamba mmoja ana kipaji na mwingine hana!

Kwetu jambo hili si dogo. Jeshi tulilorithi kwa mkoloni liliongozwa zaidi na maafisa wa Kiingereza, nalo liliasi Januari 1964. Jeshi la Wananchi lilizaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo huo, ili liwe la wananchi kweli. Hatuwezi kuliacha lango la uafisa, kwa njia ya ada za masomo ya ziada, likawa tena la wenye nacho.

Basi jitayarisheni hivi. Fanyeni mafumbo ya namba na maumbo kila siku, saa mbele yenu. Kimbieni asubuhi. Someni magazeti, kisha mjadiliane mkiwa kundi, na anayependa kusema sana ajifunze kumpisha asiyesema. Katika mahojiano msione haya kwa maisha ya kwenu. Aliyeuza mkaa ili alipe karo ana habari ya kweli ya kueleza, na mpimaji anaijua tofauti.

Nawaomba pia viongozi wa kata waliopo hapa. Kitabu kimoja cha mazoezi, meza na saa ya ukutani, ofisi ikiachwa wazi jioni, vinatosha vijana kumi. Gharama yake haifiki hata ya viburudisho vya mkutano mmoja.