Mtoto Anayeugua Tena na Tena

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu,

Hapa Lushoto watoto wengi hukohoa, nasi huilaumu baridi ya milimani. Lakini nimonia mara mbili au zaidi kwa mwaka mmoja isisingiziwe baridi. Familia huhofia UKIMWI. Kipimo kikionyesha mtoto hana virusi, watu husema amerogwa na mama hulaumiwa.

Tunapenda ieleweke kwamba upo upungufu wa kinga ambao mtoto huzaliwa nao. Hauambukizi. Hutokana na kasoro katika vinasaba, na aina zaidi ya 400 zinajulikana. Mwaka 1952 daktari Ogden Bruton wa Marekani alieleza habari za mvulana wa miaka 8 ambaye damu yake haikuwa na kingamwili. Alipochomwa kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu wengine, maradhi yake yalipungua sana.

Tunaomba kila kamati isimamie mambo matatu:

Kwanza, wazazi wahakikishe kila ugonjwa umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, ili daktari aone mfululizo wake.

Pili, familia iliyofiwa na watoto wachanga kwa maambukizi imweleze mkunga kabla mtoto mwingine hajachanjwa BCG, kwa kuwa chanjo hiyo ina vijidudu hai. Watoto wengine waendelee kuchanjwa kama kawaida.

Tatu, mtoto akipewa rufaa kwenda Bombo au Muhimbili, tuchangie nauli. Rufaa bila nauli ni karatasi tu.