Mjue Perege Kabla ya Kutupa Ndoana

Leo tunazungumza na wewe wa Nalasi na vijiji vya bonde la Mto Ruvuma unayevua kwa ndoana siku ya mapumziko.

Perege jike hutaga mayai machache, kisha huyabeba kinywani mpaka yaanguliwe. Hata vifaranga hukimbilia humo wakiona hatari. Ukimtoa majini wakati huo, unapoteza kizazi kizima. Tofauti na perege, kambale hutaga maelfu ya mayai mvua zinapofurisha mabonde, lakini hayalindi.

Kwa hiyo ukinasa perege mwenye mayai kinywani, lowesha mikono, mrudishe majini upesi. Pia, kuvua kwa sumu au baruti ni marufuku kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Vua kwa kiasi, wanao nao wapate kuvua.