Mafuta Yatokayo Shambani: Kazi Iko Wapi?

Mara kwa mara huja watu vijijini wakisema, "Pandeni zao la mafuta ya magari, kiwanda kitaleta kazi." Leo tuwatazame wakulima wenzetu wa Marekani, ambako viwanda hivyo vipo tayari. Je, kazi yenyewe ikoje?

Katika majimbo ya Iowa, Nebraska, Illinois na Minnesota, mahindi mengi huuzwa kiwandani. Husagwa, huchemshwa, hutiwa chachu, kisha hukenekwa ili kupata spiriti ya kuchanganya na petroli. Gunia la kilo 100 hutoa lita 40 na ushei za spiriti, na kilo 30 hivi za machicha makavu, chakula kizuri cha ng'ombe. Soya nayo hukamuliwa, na mafuta yake yakatengenezwa dizeli.

Sasa sikilizeni vizuri. Kiwanda kikubwa cha spiriti, kinachomeza malori ya mahindi usiku na mchana, huajiri watu 50 hivi tu: wapima mizani, mafundi umeme, wachomeleaji, watu wa maabara na waendesha mitambo. Kazi nyingi ziko nje ya ukuta. Hapo wapo madereva, mafundi wa matrekta, wauza mbegu na mbolea, wafugaji wanunuao machicha, na mkulima mwenyewe.

Tena kazi hizo zinategemea sheria na bei. Mwaka 2005 Marekani ilitunga sheria ya kuchanganya mafuta ya mimea katika petroli, na mwaka 2007 ikaikaza. Viwanda vikaongezeka upesi. Lakini mwaka 2008 bei ya mahindi ilipanda mno, kisha ikaporomoka. Mwezi Oktoba kampuni kubwa ya VeraSun, yenye viwanda katika majimbo kadhaa, ikafilisika, na baadhi ya wakulima wakavunjiwa mikataba yao.

Wako waliojikinga. Huko Benson, Minnesota, wakulima walichanga hisa wakajenga kiwanda chao, kikaanza kazi mwaka 1996. Mwenye hisa hungoja bei ya mahindi, na sehemu ya faida pia.

Nasi tumeonja. Miaka ya 2000 mbono kaburi ulisifiwa sana Tanzania na Kenya, lakini wengi walioupanda walikosa soko.

Basi akija mtu na mbegu, muulizeni haya:

Kwanza, kiwanda kiko wapi leo, si kesho?

Pili, nani mwenye hisa?

Tatu, machicha au mashudu yatarudi kwa nani?

Nne, kiwanda kikifungwa, zao hili tutalifanyia nini? Mahindi ya Iowa yatalishwa nguruwe. Mbegu za mbono kaburi zina sumu, hata mbuzi hapewi.

Asiyeweza kujibu, mpeni kiti na maji ya kunywa, lakini shamba msimpe.