Kisu cha Okapi na Mhunzi Wake

Mtu akirithi kwa marehemu babu yake kisu cha kukunja chenye mpini wa mti uliopambwa nyota na miezi michanga, na pete ya chuma mgongoni, kisha akaona juu yake neno Okapi, hana budi kwanza kufahamu kwamba hilo ni jina la mnyama wa msitu wa Ituri, huko Kongo, wala si jina la mhunzi.

Asili ya chapa hiyo ni Ujerumani, ilikoanza mwaka 1902 kwa ajili ya biashara ya makoloni, hata mwaka 1988 kazi ikahamishiwa Afrika ya Kusini. Basi funua ubapa, uufute kwa mafuta na kitambaa, wala usithubutu kutumia msasa, maana msasa hula maandishi kabla ya kula kutu, kisha usome shina lake karibu na msumari wa mpini: ukiona Germany, yamkini ni cha zamani, ukiona South Africa, ni cha baadaye, na herufi zikiwa zimepinda, tia shaka. Ama neno Solingen, tangu 1938 sheria ya Kijerumani imelihifadhi kwa bidhaa za mji wenye jina hilo, ingawa waigaji hawaijali. Kisu cha Opinel cha Ufaransa ni rahisi zaidi kukitambua: tazama mkono wenye taji, alama iliyosajiliwa mwaka 1909.